Mimba ya Mwezi wa Nne Mpaka wa Sita: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua, wa Nini Utegemee na Nini Ufanye

Kuna jambo linajirudia kwa wamama wajawazito, yani kila siku ni lilelile. Mwezi wa pili na wa tatu mtu anatapika, harufu ya vitunguu hataki kuisikia, kliniki anawahi kwa sababu anajisikia vibaya. Ikifika mwezi wa nne kichefuchefu kinakata, hamu ya kula inarudi, anapendeza, basi na kliniki nayo inasahaulika. Anarudi mwezi wa saba wekundu wa damu umeshuka, presha imeshapanda na hakujua, dawa za kuzuia malaria hajameza hata dozi moja, na ukimuuliza wiki ngapi anakadiria tu.

Hii miezi ya kati ndo unajisikia vizuri kuliko yote, na hapohapo ndo wengi wanateleza, maana matatizo yake yanakuja kimyakimya. Presha haiumi. Damu ikipungua unachoka tu, unasema aah ni mimba. Malaria inaweza kukaa kwenye kondo la nyuma wewe huna hata homa. Kwahiyo usisubiri mwili ukuambie, fuata hatua hizi kwa tarehe.

Nimeandika kwa kufuata utaratibu wa kliniki zetu za Tanzania. Kenya na kwingineko mambo mengi yanafanana, ila kadi na majina ya dawa yanaweza kubadilika kidogo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kadi ya kliniki. Ikae kwenye mfuko wa plastiki, na kila ukurasa upige picha kwenye simu, kadi zinalowa na zinapotea.
- Tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho.
- Kalenda, ya ukutani au ya kwenye simu.
- Vidonge vya kuongeza damu, vile tunaita fefo, vya kutosha mwezi mzima.
- Chandarua chenye dawa.
- Daftari dogo la kuandika maswali, maana ukifika mbele ya nesi yote yanapotea kichwani.
- Hela kidogo ya pembeni kwa ajili ya utrasaundi na vipimo ambavyo pengine kituo chako hakina.
- Mtu mmoja anayejua mimba yako vizuri, awe mume, mama mkwe, dada au jirani, ambaye ukimpigia usiku anapokea.

## Hatua ya 1: Zijue wiki zako, achana na kuhesabu miezi

Hapa ndo wengi wanakwama, na ukikosea hapa hatua zote zinazofuata zinakaa vibaya.

Watu wanahesabu mwezi mmoja ni wiki nne. Sasa ukifanya hivyo wiki 40 zinakuwa miezi kumi, unaanza kugombana na nesi. Mwezi wa kalenda una siku 30 au 31, kwahiyo wiki zinazidi kidogo. Mtu wa wiki 20 hajafikisha miezi mitano kamili, yuko kama miezi minne na nusu hivi. Ndo maana kliniki wanaongea wiki tu.

Fanya hivi. Chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yani siku damu ilipoanza kutoka, usichukue ilipokata. Ongeza siku 7, alafu rudi nyuma miezi 3. Hiyo ndo tarehe ya makadirio ya kujifungua. Mfano hedhi ilianza tarehe 10 Machi 2025: ongeza siku saba unapata 17 Machi, rudi nyuma miezi mitatu unapata 17 Desemba, makadirio ni 17 Desemba 2025.

Sasa wiki. Tarehe 10 Machi 2025 ilikuwa Jumatatu, basi kila Jumatatu huyu mama anaingia wiki mpya. Ukienda nayo kwenye kalenda unapata hivi: wiki 13 zinatimia tarehe 9 Juni, wiki 20 tarehe 28 Julai, wiki 26 tarehe 8 Septemba, na wiki 28 tarehe 22 Septemba. Chukua kalenda yako, fanya hivyohivyo, hizo tarehe nne zizungushie kalamu nyekundu. Ukiona programu ya kwenye simu inatofautiana na wewe siku mbili tatu hamna shida.

Kama hukumbuki tarehe, au ulikuwa kwenye sindano au vidonge vya uzazi wa mpango na hedhi zilikuwa zinaruka, usikadirie, wahi utrasaundi mapema. Ikifanyika mapema makadirio yake yanakuwa karibu zaidi na ukweli. Ukienda nayo mwezi wa nane inaweza kupishana wiki mbili hata tatu.

Utajua umeweza pale mtu akikuuliza una mimba ya muda gani unajibu wiki bila kuhesabu vidole.

## Hatua ya 2: Hudhurio la wiki ya 13 mpaka 16, hili usiliruke

Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mjamzito aonane na wahudumu mara 8: kabla ya wiki 12, alafu wiki ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Ukiangalia hapo kati ya 12 na 20 kuna pengo kubwa, na humo ndani kuna dozi inaanza. Kwahiyo ukishatimiza wiki 13 nenda, usingoje 20.

SP ya kuzuia malaria. Ni vidonge vitatu, unameza vyote kwa pamoja palepale kituoni nesi akikuona. Inaanza ukiwa umetimiza wiki 13, kila dozi inapishana na nyingine angalau mwezi mmoja, na unatakiwa upate dozi tatu au zaidi kabla ya kujifungua. Ukianza mwezi wa saba hesabu inakubana. Sababu ni ile niliyosema juu: vimelea vinajibanza kwenye kondo, mtoto hapati chakula cha kutosha, anazaliwa na uzito mdogo, na mama damu inakwisha.

Wengi wanaogopa kuimeza kwa sababu walipewa wakiwa na njaa wakatapika. SP unaweza kumeza umekula au hujala, basi kunywa uji wako kabla ya kutoka nyumbani, nenda na maji yako.

Mambo matatu ya kumwambia nesi kabla hujameza: kama una aleji ya dawa za salfa, kama unatumia Septrin (wenye virusi vya UKIMWI wanaotumia Septrin hawapewi SP, mbili hizi haziendi pamoja), na kama unameza vile vidonge vya asidi ya foliki vya miligramu 5, maana dozi hiyo kubwa inapunguza nguvu ya SP. Ile iliyoko ndani ya fefo ni ndogo, haina shida.

Alafu SP haiondoi chandarua. Unameza na unalala ndani ya neti, vyote.

Dawa ya minyoo. Inatolewa mara moja baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita. Minyoo ya safura inanyonya damu, kwahiyo usipoitoa unajaza ndoo iliyotoboka.

Sindano ya pepopunda. Kama ndo mimba ya kwanza na hujawahi kuchoma, unahitaji mbili, zinapishana angalau wiki nne, na ya pili iwe imechomwa angalau wiki mbili kabla ya kujifungua. Kama ulishachoma kwenye mimba zilizopita tafuta ile kadi ya zamani uende nayo, ratiba ni ya sindano tano kwa jumla na hamna haja ya kuanza upya.

Ukitoka siku hiyo fungua kadi hapohapo kwenye benchi uangalie. SP imeandikwa tarehe? Presha imeandikwa? Uzito? Tarehe ya kurudi? Kama kuna kilichofanyika na hakijaandikwa, rudi ndani uombe kwa upole, "samahani dada, naomba uniandikie na hii." Kadi ndo itaongea kwa niaba yako siku ukipelekwa hospitali nyingine usiku.

## Hatua ya 3: Meza fefo kila siku bila kuacha

Nakaa sana hapa kwa sababu hiki ndo kitu kinachoachwa kuliko vyote. Fefo zinapokelewa, zinafika nyumbani, zinawekwa kwenye kabati la vyombo na hapo ndo mwisho wake.

Miezi ya kati damu yako inaongezeka maji kwa kasi kuliko inavyoongeza chembe nyekundu, na mtoto naye anachukua madini ya chuma kwako. Kipimo cha wekundu kikiwa chini ya 11 kliniki wanaanza kukufuatilia. Chini ya 7 hiyo ni hatari kabisa, na mwanamke anayeingia leba na damu kidogo akitokwa damu hata ya kawaida anaweza asihimili.

Sasa sababu za watu kuacha, na cha kufanya:

*Inanitia kichefuchefu.* Hamishia usiku, meza baada ya chakula ukiwa unakaribia kulala.

*Nakosa choo.* Kunywa maji mengi, kula papai, machungwa na nyama zake nyeupe, mboga za majani, na tembea japo nusu saa kwa siku. Ikizidi mwambie nesi, kuna aina nyingine ya dawa, usijiachishe mwenyewe.

*Choo kimekuwa cheusi.* Ni kawaida, ni yale madini. Usiogope.

*Mtoto atakuwa mkubwa nishindwe kujifungua.* Hii inasemwa sana mitaani na haina ukweli. Fefo haimnenepeshi mtoto.

*Mimi nakunywa rozela na juisi ya bitiruti.* Juisi isichukue nafasi ya fefo. Kiasi cha chuma kwenye glasi moja hakifiki hata karibu na kidonge.

Chai ni adui mkubwa wa hii dawa. Chai ya rangi, ya maziwa, kahawa, zote zinazuia chuma kisiingie mwilini. Acha kama saa moja au mbili kabla na baada ya kidonge. Maziwa na dawa za kiungulia nazo usizimeze kwa pamoja na fefo. Kinachosaidia ni kitu chenye uchachu wa vitamini C: chungwa, embe, pera, au ndimu iliyokamuliwa kwenye maji.

Chakula cha kusukumia: dagaa, maharage, choroko, kunde, mchicha, matembele, kisamvu, nyama kidogo ukipata. Kamulia ndimu juu ya maharage. Maini yana chuma kingi ila yana vitamini A nyingi mno ambayo ikizidi inamdhuru mtoto, kwahiyo usiyafanye mboga ya kila siku.

Alafu udongo. Najua hamu yake inavyosumbua, udongo huu wa kula tunaouita pemba unauzwa mpaka gengeni umefungwa vizuri kabisa. Ila udongo unakamata chuma tumboni kisiingie kwenye damu, unaweza kuja na mayai ya minyoo, na mwingine una madini ya risasi ndani yake ambayo yanaharibu ubongo wa mtoto. Na hamu yenyewe mara nyingi ni dalili kwamba damu imeshuka. Ukijikuta unautafuta kila siku nenda kapime wekundu, usione aibu kumwambia nesi, anawasikia wengi.

Onyo moja la nguvu: fefo zina rangi nzuri na mtoto mdogo anaweza kudhani ni pipi. Akimeza nyingi zinaweza kumuua. Weka juu kabisa asikofikia.

Mafanikio ya hatua hii yanaonekana kwenye kipimo tu. Wekundu ukipimwa tena uwe umepanda au umesimama palepale. Kama unameza kila siku na bado unashuka, dai uchunguzi zaidi, pengine ni malaria, minyoo au selimundu.

## Hatua ya 4: Utrasaundi, iwahi kabla ya wiki 24

Kama hela inaruhusu mara moja tu, nafasi nzuri ni kati ya wiki ya 18 na 22. Mtoto ameshakuwa wa kutosha kuonekana moyo, ubongo, uti wa mgongo, mikono na miguu, na tarehe bado zinaaminika. Kama tarehe zako huzijui kabisa basi nenda mapema zaidi ya hapo.

Watu wengi wanaenda kujua jinsia. Sawa, uliza, lakini kabla ya hiyo uliza haya manne: wiki zinasemaje, mtoto ni mmoja, kondo limekaa wapi, na maji yanatosha?

Jibu la kondo ndo linaleta presha nyumbani. Unaandikiwa kondo liko chini, familia nzima inaanza kulia kwamba ni operesheni. Tulia. Wiki ya 20 kondo la chini linaonekana kwa wengi, na mfuko wa uzazi ukikua kwa wengi wao linapanda lenyewe. Unarudia kipimo kwenye wiki ya 32 hivi. Ila kwa muda huo ukiona damu hata kidogo wahi hospitali, na usikubali kupimwa ukeni kwa vidole kabla hujawaambia kondo liko chini. Vilevile mtoto kukaa matako chini wiki ya 20 si tatizo, bado anageuka geuka anavyotaka.

## Hatua ya 5: Subiri mtoto acheze, na ujue lini uanze kuwa na wasiwasi

Mimba ya kwanza wengi wanasikia kati ya wiki ya 18 na 20. Aliyewahi kuzaa anaweza kusikia wiki ya 16 kwa sababu anajua anachokitafuta. Mwanzoni ni kitu cha kutekenya chini ya kitovu, wengine wanadhani ni gesi. Kama kondo limekaa mbele ya tumbo unachelewa kidogo kusikia, na mama mnene naye anaweza kuchelewa.

Usishindane na wifi yako ambaye wa kwake alicheza mapema. Ila ukifika wiki 24 hujasikia chochote, nenda siku hiyohiyo wakausikilize moyo.

Na akishaanza kucheza kwa mpangilio, ukaona amepunguza sana au amenyamaza, usikae nyumbani kunywa soda ya baridi kumwamsha. Nenda kituoni.

Wiki ya 20 pia mfuko wa uzazi unafika kwenye kitovu. Nesi atapima kwa tepu kuanzia juu ya kinena, na kuanzia hapo sentimita zinaenda sawa na wiki, ikipishana mbili hivi si mbaya. Muulize ameandika ngapi. Ukiona imepishana zaidi ya hapo, mtoto anaweza kuwa hakui vizuri, ni mapacha, maji yamezidi, au ulikosea tarehe kule hatua ya kwanza.

## Hatua ya 6: Presha na mkojo kuanzia wiki ya 20

Kifafa cha mimba huwa kinaanza na presha inayopanda baada ya wiki ya 20, na mwanzoni husikii chochote. Kwahiyo kuanzia hapa usikubali kuondoka kliniki bila kupimwa presha na protini kwenye mkojo.

Ipimwe vizuri sasa. Mtu ameshuka kwenye daladala, amepanda ngazi, amekaa tu mkono umefungwa mashine, inasoma juu wanamtisha bure, au mwingine inasoma juu kweli wanasema ni kwa sababu ya kutembea. Kaa dakika tano umepumzika, mgongo umeegemea, miguu chini usiikunje, mkono uwe usawa wa moyo, usiongee. Kojoa kwanza.

Namba ya juu ikisoma 140 au zaidi, au ya chini ikisoma 90 au zaidi, hata moja tu kati ya hizo, usikubali kuambiwa kapumzike uje mwezi ujao. Inarudiwa siku hiyo, mkojo unapimwa, unaonana na daktari.

Kama mimba iliyopita ulipata presha au kifafa, una mapacha, una kisukari, ugonjwa wa figo au presha ya siku zote, mwambie daktari mapema kabisa. Kuna aspirini ya dozi ndogo inayoanza baada ya wiki 12 kwa wenye hatari hiyo, na ikichelewa faida inapungua. Usijinunulie mwenyewe, aandike daktari.

Mkojo wa kupima ni ule wa katikati: nawa, kojoa kidogo uache upite, alafu kinga. Yutiai, yani maambukizi ya njia ya mkojo, kwenye mimba inaweza isikuume popote na bado ikaleta uchungu kabla ya wakati, ndo maana inapimwa hata ukiwa mzima.

Wiki ya 24 mpaka 28 ni muda wa kipimo cha sukari ya mimba, hasa kama nyumbani kwenu kuna kisukari, una uzito mkubwa, au uliwahi kuzaa mtoto wa kilo 4 na kuendelea. Unaenda hujala, unanywa glukosi gramu 75, unatolewa damu kabla na baada ya hapo kwa saa. Nenda na chakula cha kula ukimaliza.

## Hatua ya 7: Tofautisha mabadiliko ya kawaida na yasiyo ya kawaida

Nayapitia haraka.

Kuvutika pembeni ya tumbo ukisimama ghafla au ukikohoa: kano zinanyooka, badilisha mkao polepole. Maumivu yanayokuja na kuondoka kwa mpangilio ni jambo jingine, hayo nenda.

Kiungulia: kula kidogo kidogo, usilale hapohapo baada ya ugali, punguza pilipili na mafuta, nyanyua kichwa kwa mito.

Miguu kukaza usiku: vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, sugua, tembea kidogo. Ila mguu mmoja ukivimba, ukauma na kuwa wa moto, hiyo inaweza kuwa damu imeganda, hospitali.

Ute mweupe ukeni usio na harufu wala muwasho ni kawaida kuongezeka. Ukiwa wa njano, kijani, unanuka au unawasha, tibu. Ukiwa majimaji yanayotiririka bila kukata, hayo usiyasubirie.

Mstari mweusi tumboni na madoa usoni: vinakuja na homoni na kwa wengi vinafifia baada ya kujifungua. Tafadhali sana dada, usipake mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha zina zebaki, haidrokwinoni au steroidi, na vinapenya kwenye ngozi. Jikinge na jua kwa mtandio au kofia, inatosha.

Fizi kutoka damu ukipiga mswaki: tumia laini, usiache kupiga mswaki.

Dawa za dukani ndo zinanitia hofu. Mgongo ukiuma watu wanaenda kununua diklofenaki au ibuprofeni. Kuanzia wiki ya 20 hizi zinaweza kudhuru figo za mtoto na kupunguza maji yanayomzunguka. Parasetamoli kwa kipimo chake ndo chaguo. Doksi na tetrasaiklini nazo hapana, zinaharibu meno na mifupa ya mtoto. Na dawa za kienyeji za chango, za kuchemsha au za unga, hatujui nguvu yake kwenye chupa hiyo uliyopewa na nyingine zinaamsha uchungu. Najua ni bibi amekuletea kwa upendo. Mshukuru, usinywe.

## Hatua ya 8: Kulala, kazi, safari na mambo ya chumbani

Anza kujizoesha kulala ubavu, mto mmoja katikati ya magoti. Ukishtuka umelala chali geuka tu, hujamuua mtoto. Ikifika wiki ya 28 ndo ubavu unakuwa muhimu zaidi.

Tendo la ndoa halina shida kama huna damu, maji hayajavuja, kondo haliko chini na daktari hajakukataza. Mtoto hafikiwi. Waume wengi wanaogopa na hawasemi, ongeeni.

Safari ndefu ya basi, huu ndo muda wake kama lazima usafiri. Mkanda upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, usikatishe juu ya tumbo. Basi likisimama shuka utembee, kunywa maji hata kama unaogopa kukosa choo njiani. Beba kadi. Bodaboda kwenye barabara ya mashimo iache.

Kazi za kuinama na kubeba ndoo ya lita 20 kichwani, omba msaada, na unayeishi naye asisubiri kuombwa. Kufunga Ramadhani, kwa Waislamu ruhusa ya kula na kulipa baadaye ipo, ukiwa na kisukari, presha au damu pungufu itumie.

## Ukiona hivi, usisubiri asubuhi

- Damu ukeni, hata kidogo, hata kama haina maumivu
- Kichwa kuuma sana kisichotulia, kuona maluweluwe au ukungu
- Kuvimba uso na mikono ghafla
- Maumivu makali juu ya tumbo, chini ya mbavu
- Degedege au kupoteza fahamu
- Homa
- Maji kuvuja
- Tumbo kukaza na kuachia kwa mpangilio
- Mtoto kupunguza kucheza au kunyamaza
- Kuhema kwa shida au moyo kwenda mbio ukiwa umekaa

Usimpigie shoga kumuuliza kama na yeye alikuwa hivyo. Chukua kadi, pigia yule mtu wako, ondokeni.

## Hatua ya 9: Kabla ya wiki 28 kamilisha haya

Angalia kundi lako la damu kwenye kadi. Kama lina alama ya hasi, mfano O hasi au A hasi, na baba mtoto ni chanya au hajulikani, utahitaji sindano ya anti-D, ile ya kuzuia mwili wako usipambane na damu ya mtoto, kwenye wiki ya 28, na nyingine ndani ya saa 72 baada ya kujifungua kama mtoto atakuwa chanya. Sindano hii ni ghali na vituo vingi haipatikani, kwahiyo ukiijua wiki ya 16 una miezi mitatu ya kuitafuta na kuchanga hela. Ukiijua wiki ya 28 umeshachelewa kuchanga.

Chagua utajifungulia wapi, na ukiwa uliwahi kupasuliwa, una mapacha au presha, iwe hospitali yenye chumba cha upasuaji. Tafuta ndugu wawili wa kukuchangia damu wakapime makundi yao sasa. Chukua namba ya dereva anayepokea simu saa nane za usiku, mwambie mapema, na kiasi cha nauli mkubaliane. Hela ya hiyo nauli itoe kwenye matumizi ya nyumbani uiweke peke yake.

Alafu fungua kadi uhakikishe: SP angalau dozi mbili zimeandikwa, pepopunda imeandikwa, wekundu umepimwa angalau mara mbili, presha ipo kila hudhurio, na tarehe ya wiki ya 30 imeshaandikwa. Kilichopungua kati ya hivyo kiandike kwenye daftari leo, kesho asubuhi uende nacho.